Blanketi Kwenye Ubao Mweupe

Mara ya kwanza yule mama aliponiletea barua, hakuingia darasani. Alisimama nje ya dirisha, ambalo lilikuwa tundu tu ukutani lisilo na fremu, akangoja mpaka watoto wote wakatoka kwenda kunywa maji. Ndipo akanyoosha mkono na kunipa bahasha iliyokunjwa mara nne, yenye unyevu wa jasho.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mama."

"Nisomee taratibu. Nikisema basi, uache."

Akageuka akanipa mgongo. Nilidhani anaondoka, kumbe hakutaka nimwone uso wakati ninasoma. Barua ilitoka kwa mumewe, mchimbaji aliyeondoka hapo Nyarugusu, penye shule yetu, baada ya duara lao la kuchimbia dhahabu kujaa maji. Alikuwa amekwenda upande wa Kahama kutafuta shimo jingine, na alikuwa na mwandiko mkubwa wa mtu aliyeishia darasa la nne. Nilisoma habari za safari, habari za mvua, habari za jino lililokuwa linamsumbua. Nilipofika mahali alipoandika kwamba anakumbuka sauti ya mkewe akipepeta mchele, mama akasema, "Basi."

Nikaikunja barua. Aliipokea, bado amenipa mgongo, akashukuru kwa Kisukuma.

"Wabeja, mwalimu. Umefanya vizuri. Lakini haipendezi maneno haya yatoke kwenye mdomo wa mwanamume mwingine. Binti yangu yuko kwenye darasa lako. Mfundishe upesi, awe ananisomea yeye."

Nikamwahidi. Katika miaka yangu yote ya ualimu hakuna mzazi aliyeniomba jambo kwa maneno ya wazi kama yale. Wengine waliniambia nimchape mtoto, au nisimchape, au nimruhusu mapema akaponde mawe. Yeye alitaka kitu kimoja tu: barua za mumewe zisomwe ndani ya nyumba yake, na damu yake mwenyewe.

Binti alikuwa darasa la pili, ingawa kwa umri alistahili kuwa la nne. Watoto wengi wa machimbo walikuwa hivyo. Wazazi walihama wakifuata dhahabu, na kila walipofika mtoto alianza upya. Alikuwa mwembamba, mkimya, Kiswahili chake cha kubahatisha kwa sababu nyumbani kwao walizungumza Kisukuma tu. Akiulizwa swali aliinuka vizuri, akasimama wima, akatazama chini, na hapo ndipo mambo yalipokwisha.

Mimi mwenyewe nililelewa Shinyanga, si mbali na Mwadui, ambako baba yangu alikuwa kibarua. Nilipokuwa mdogo nilizoea kusimama kwenye uzio wa mgodi nikitazama watoto wa ndani wakienda shule na mikoba ya ngozi. Sikujua wanafundishwa nini. Nilijua tu kwamba vitu vyao vinang'aa. Nilimaliza kidato cha nne, nikapata chuo cha ualimu, nikapangiwa Geita, nikamwacha mke wangu kwetu na watoto wawili, na nikakuta darasa lenye ubao wa saruji uliopauka. Chaki zilikuja kwa kugawiwa, moja moja, kama dawa. Mtoto hakuruhusiwa kuugusa ubao isipokuwa kuufuta. Mwalimu aliandika, watoto wakaimba alichoandika, na wengi waliimba bila kutazama.

Ule ubao mweupe niliupata kwenye kambi ya wazungu wapima miamba. Walikuwa wamekaa miezi kadhaa wakitoboa ardhi, kisha wakafunga mahema wakaenda zao. Mlinzi aliyebaki alikuwa ameshauza makopo na mbao, na ubao ule alikuwa amekusudia kuufanya mlango wa choo. Nikampa jogoo, naye akanipa ubao pamoja na kalamu mbili za wino mzito. Ulikuwa mrefu kama mlango, laini, mweupe kama sahani mpya. Niliufunga nyuma ya baiskeli, na njia nzima upepo uliusukuma ukanitupa kando. Nilipopita kwenye vibanda vya wachimbaji, mmoja akapaza sauti:

"Mwalimu! Huo ni mlango wa mbinguni au wa gesti?"

"Ni wa kwenu," nikajibu, "mje mwingie darasa la kwanza."

Wakacheka, nami nikacheka. Siku ile nilikuwa na furaha ya kitoto.

Kalamu zilikauka kabla ya juma kwisha. Nikajaribu chaki, ikateleza. Nikaona nimepoteza jogoo wangu bure. Watoto walikuwa wameketi wakiutazama ubao mtupu, nami natazama nje, niliposikia mguno darasani. Nikageuka. Yule binti mkimya alikuwa mbele. Alikuwa amekwenda jikoni, mahali tulipochemshia uji, amepaka kidole masizi ya sufuria yaliyolowa maji, na kwenye ubao mweupe alikuwa amechora herufi a. Kubwa, ya mviringo, yenye mkia. Kisha akachukua kitambaa chenye maji, akaifuta, ubao ukabaki mweupe kama mwanzo. Akaichora tena.

Hakuna aliyemtuma. Sijui alilipataje wazo lile. Ninachojua ni kwamba kuanzia siku ile darasa langu lilibadilika, na aliyelibadilisha hakuwa mimi.

Niliuteremsha ubao ukawa umesimama sakafuni, umeegemea ukuta, ili hata mfupi aufikie. Kopo la masizi likawekwa pembeni, na ndoo ya maji, na matambara. Watoto walipanga foleni kuandika kwa vidole. Waligusa herufi, wakazifuta, wakazirudia, wakabishana kama b ina tumbo mbele au nyuma. Mtoto aliyekuwa akilala kila siku baada ya uji aliacha kulala. Waliokuwa wameacha shule kwenda kuponda mawe walianza kuchungulia dirishani, kisha wakaingia. Kule mialoni, ambako wanawake walioshea udongo wa dhahabu, mama akitaka kujua kama mtoto wake kweli alifika shule hakumuuliza. Alimshika kidole cha shahada akakitazama. Kikiwa cheusi, mtoto alipewa chakula bila maneno.

Hapo ningeishia, ningekuwa mzee mwingine leo.

Kwetu Usukumani, mavuno yakiisha, wacheza mbina, ngoma yetu ya mashindano, hujigawa pande mbili, Bagalu na Bagika, na kila upande huvuta watazamaji kwake. Mwimbaji hodari huchimbua siri za upande wa pili. Atakuimba mwizi, atakuimba mgumba, atakuimba ulivyokimbia mamba ukaacha nguo mtoni. Sheria ni moja: anayeimbwa hakasiriki. Akikasirika, ameshindwa. Nilikulia humo, na niliyapenda mno mashindano yale. Basi nikayaleta darasani. Upande wa dirisha wakawa Bagalu, upande wa mlango wakawa Bagika. Mmoja mmoja walikuja ubaoni, nikaandika neno kwa masizi, na aliyeweza kulisoma aliupa upande wake ushindi. Aliyeshindwa aliimbwa mpaka arudi kwenye nafasi yake.

Mwalimu mkuu, mtu mzima aliyekaribia kustaafu, alisimama mlangoni siku moja akasikiliza.

"Mwalimu," akaniambia baadaye, "mbina ni ya watu wazima. Watu wazima wana ngozi ngumu. Hawa wako hawajaota ngozi."

"Mzee, si unaona wanavyosoma?"

"Naona wanavyoimba."

Nikacheka. Nilifikiri anaona wivu, kwa kuwa darasa lake la saba lilikuwa na utoro mwingi kuliko langu la pili.

Yule binti alikuwa Bagalu. Hakuna aliyeandika herufi nzuri kama zake, lakini akiitwa ubaoni kusoma, upande wa pili ukimtazama tayari kwa wimbo, ulimi wake ulifunga. Wakamwimba kinyonga. Wakamwimba mzigo wa kuni. Hakulia. Alirudi polepole akikisugua kidole chake kwenye ukuta. Baada ya majuma machache upande wake wenyewe ukawa unanung'unika zamu yake ikifika.

"Mwalimu, huyu wape Bagika!"

"Hatumtaki! Kaeni naye, ni wenu!"

Niliwaambia wanyamaze. Sikusimamisha mchezo.

Barua ya pili ilikuja wakati huo. Barua za watu wengi wa pale zilipitia sanduku la posta la shule, na mimi ndiye niliyezichukua Geita mjini nilipofuata mshahara, nikawapa watoto wapeleke nyumbani. Mama akaja dirishani, akanipa mgongo kama kawaida. Mumewe alikuwa ameandika hivi, na sijasahau hata neno moja:

"Huku baridi ya asubuhi ni kali. Nalala bila blanketi. Usihuzunike. Blanketi langu liache hapo kwenye mwalo, likushikie dhahabu kama mkono wangu."

Mwalo ni ule ubao wa mteremko ambao udongo humwagwa juu yake pamoja na maji. Chini hutandikwa kitambaa chenye manyoya, dhahabu inase humo. Wengine walitandika magunia. Yule mama alitandika blanketi jekundu lenye mistari myeusi, na hakukuwa na mtu pale asiyelijua. Sasa nikajua lilikuwa la nani, na kwamba mwenyewe alikuwa akitetemeka Kahama ili likae pale.

Hakusema basi. Aliniacha nimalize. Kisha akaniagiza majibu, nami nikaandika kama alivyotamka: tumepata mvua, mbuzi amezaa, binti anasoma. Nikaandika anuani niliyoizoea, kwa mkono wa Mhindi mmoja mwenye duka Kahama mjini, aliyewatunzia wachimbaji barua zao.

"Ongeza," akasema. "Mwambie barua ijayo ataandika binti mwenyewe."

Kalamu yangu ikasita.

"Bado, mwalimu?"

"Bado kidogo, mama."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kidogo tu."

Akageuka, kwa mara ya kwanza akanitazama usoni. "Andika hivyo hivyo. Binti ataandika."

Nikaandika.

Haikupita muda tukaambiwa mratibu wa elimu wa kata atakuja. Alikuwa amesikia habari za ubao wa masizi, anataka kuuona kwa macho yake. Nilifua shati langu jeupe. Niliwafanyisha watoto mazoezi siku tatu mfululizo. Na nikapanga kwamba wa mwisho kuja ubaoni awe yule binti, na kwamba atasoma, tena si neno bali sentensi nzima.

Nitasema jinsi nilivyofikiri, maana nimekuwa na muda mwingi wa kulitazama jambo hili. Niliona kinachomfunga ulimi ni kwamba maneno ya ubaoni hayamhusu. Juma ana kuku. Kuku ana mayai. Nani huyo Juma? Lakini nilijua kuwa mama yake akifika nyumbani humkariria barua yote, neno kwa neno, mpaka mtoto anaishika kichwani. Basi nikimwekea mbele maneno anayoyajua, macho yake yatayatambua, na ulimi utafunguka. Hata leo naamini kwamba hilo lilikuwa wazo sahihi. Lakini maneno yale hayakuwa yangu, na siku niliyochagua kuyatoa ilikuwa siku ya mgeni. Kama ningetaka kumsaidia tu, ningemwita peke yake wakati wa mapumziko.

Mratibu aliketi kwenye kiti pekee chenye mgongo. Watoto waliimba, wakaandika, wakafuta, wakashindana. Alikuwa akigonga paja kwa furaha. Mwishoni nikachovya kidole, nikaandika ubaoni kwa herufi kubwa:

*Baba analala bila blanketi. Blanketi liko kwenye mwalo wa mama.*

Nilikuwa nimebadilisha maneno kidogo, nikajiona nimelificha jambo.

Nikamwita. Akaja, akasimama wima, akatazama chini. Bagika walikuwa wameshaanza kuvuta pumzi waimbe. Kisha akainua macho. Nikamwona anaanza kwa midomo bila sauti. Halafu sauti ikaja.

"Ba-ba," akasema. "Baba. A-na-la-la. Baba analala. Bi-la."

Bagalu walikuwa wamesimama juu ya matofali waliyokalia.

"Blanketi," akasoma, mara moja, bila kukata. "Baba analala bila blanketi."

Bagalu wakalipuka kwa vigelegele. Yeye alikuwa anatabasamu. Kabla ya hapo sikuwahi kuyaona meno yake. Akaendelea, sasa kwa haraka, kidole chake kikifuata mstari: "Blanketi liko kwenye mwa—"

Akanyamaza.

Kidole kilibaki ubaoni. Akageuka akanitazama, na kile nilichokiona machoni mwake hakikuwa woga wa kusoma. Alikuwa amesoma. Alikuwa amesoma na kuelewa, jambo ambalo ndilo kusudi la kazi yetu nzima, na alichoelewa ni kwamba mwalimu wake amelichukua neno la baba yake akalipaka ukutani.

"Maliza," nikasema kwa upole, nikimwonyesha mratibu tabasamu.

Hakumaliza. Na watoto wa Bagika hawakuwa wajinga. Kila siku waliliona lile blanketi jekundu wakienda kuchota maji. Mwimbaji wao, msichana mwenye sauti kali, akapiga kofi mara mbili, akaanza:

"Baba analala baridi!"

"Eee!" wakaitikia.

"Blanketi kampa nani?"

"Eee!"

"Barua kampelekea nani?"

"Mwalimu!"

Maana dirisha lile halikuwa na pazia, na watoto waliokwenda kunywa maji walikuwa na macho. Nikaangalia upande wa mratibu. Alikuwa anacheka mpaka machozi, asielewe hata kidogo kinachoimbwa, anaona tu watoto wadogo wa machimbo wanatunga wimbo papo hapo kutokana na sentensi ya kusoma. Ningepiga meza, wangenyamaza. Mkono wangu ulikuwa kwenye meza. Niliuacha pale pale.

"Hii ndiyo mbinu!" mratibu akasema, akinishika bega. "Mwalimu, utakwenda Geita, ukawaonyeshe wenzako."

Binti alikuwa amesharudi kuketi. Sheria ya ngoma aliishika kuliko wote: hakukasirika.

Wimbo ulitoka shule ukafika mialoni kabla ya jua kuzama. Sikuusikia ulivyoimbwa huko, ila niliambiwa baadaye. Wachimbaji walipopita kwa yule mama walimwuliza kama blanketi la mwalimu linashika dhahabu nyingi kuliko la wengine. Mwingine alimwuliza kama mwalimu naye analala baridi. Alikuwa mwanamke peke yake, mume yuko mbali. Alikuwa akinipa mgongo kwa ajili hiyo hiyo, ili jambo kama hilo lisipate kusemwa.

Alikuja siku ya pili yake, asubuhi, amemshika binti mkono. Safari hii hakusimama dirishani. Aliingia moja kwa moja ofisini, ambako mwalimu mkuu alikuwa akiandika, na hakunisalimu.

"Mwalimu, nakuuliza mbele ya mkubwa wako. Maneno ya barua yangu yametokaje?"

Nikasema, "Mama, karibu uketi."

"Sikuja kuketi. Huyu nimemwuliza, nimemchapa, anasema hakumwambia mtu. Anasema yalikuwa kwenye ubao. Anasema wewe ndiye uliyeandika." Akamsogeza mtoto mbele. "Mimi sijui kusoma. Siwezi kujua. Nimekuja uniambie. Ni kweli?"

Mke wangu alikuwa Shinyanga, na uvumi kama ule ungemfikia. Mratibu alikuwa ameahidi kunipeleka Geita. Mwalimu mkuu ameinua kichwa. Niliyafikiri yote hayo kwa muda mfupi sana, mfupi kuliko ninavyotumia sasa kuyaandika.

"Mama," nikasema, "mimi niliandika sentensi ya kitabuni. Watoto huambizana. Huenda alimsimulia mwenzake akasahau."

Binti alinitazama. Angesema nini? Aliyejua kusoma mbele ya mama yake ni mimi, na nimeshasoma.

Mama akakichukua kidole cha shahada cha mwanawe, ambacho bado kilikuwa na weusi wa jana, akatoka naye uani, akachuchumaa, akakisugua kwa mchanga. Alikisugua kwa nguvu, polepole, kama anavyosuguliwa mtoto aliyeshika kinyesi. Mtoto alimwacha afanye.

"Ng'wanone, mwanangu," nilimsikia akimwambia, na sauti yake haikuwa ya hasira tena, "nilikupa maneno ya baba yako uyatunze. Ukayagawa."

Wakaondoka. Mwalimu mkuu akarudi kwenye karatasi zake. Baada ya muda akasema bila kuinua macho:

"Kitabu kile nimekifundisha tangu sina ndevu. Hakina blanketi."

Hakurudia kulisema, mpaka alipostaafu.

Binti hakuja shule tena. Jumamosi moja nilikwenda mialoni, nimekusudia kusema. Niliyapanga maneno njia nzima. Nilimkuta mama anamwaga udongo, binti anamwaga maji, na kwenye mwalo wao blanketi halikuwepo. Palitandikwa gunia la katani. Wanaume watatu walikuwa wameketi karibu wakivuta sigara, waliponiona wakagusana mabega.

"Mayu, mgeni wako huyo," mmoja akamwambia mama.

Mama hakugeuka. Nilisimama pale na maneno yangu, na wale watatu wakingoja kwa hamu. Mdomo ukafunguka ukatoa kitu kingine.

"Mama, mtoto arudi shule."

"Akafanye nini? Kusoma si ameshasoma?"

Binti alikuwa akitazama maji. Mikono yake ilikuwa na matope mpaka kwenye viwiko, vidole vyote kumi rangi moja. Nikaaga, nikaondoka.

Geita nilikwenda. Tuliupakia ubao kwenye lori, nikawaonyesha walimu wenzangu jinsi ya kuchanganya masizi na maji, jinsi mtoto anavyopenda kugusa anachojifunza. Walipiga makofi. Mmoja akaniomba niandike sentensi ya mfano. Nikaandika: Mama anapika ugali.

Niliporudi nilikuwa nimeamua. Nilijiambia kwamba sasa, kwa kuwa nimekwisha kupata nilichokitaka, sitakuwa na cha kuogopa. Nikaenda moja kwa moja na vumbi la safari. Lakini kulikuwa na habari za dhahabu mpya mahali pengine, na kama ilivyokuwa kawaida, watu walikuwa wamehama kwa siku mbili. Kwenye kibanda chao walikuwa wameng'oa hata nguzo. Nilikuta mafiga matatu na kipande cha sufuria. Niliwauliza waliobaki, mmoja alisema wameelekea Chunya, mwingine akasema wamerudi kwao Maswa. Hakuna aliyekuwa na hakika, na wengine walinijibu huku wakitabasamu.

Mwezi uliofuata, kwenye sanduku la posta la shule, kulikuwa na bahasha yenye mwandiko mkubwa ninaoujua.

Sikuifungua. Nikaiweka ndani ya kitabu cha mahudhurio. Baada ya miezi ikaja nyingine. Kisha ya tatu, nyembamba, ndani karatasi moja tu ukiipima kwa vidole. Baada ya hiyo hazikuja tena.

Kwa miaka mingi nilijisifu moyoni kwamba sikuzifungua kwa heshima: nilikuwa nimekwisha kutumia vibaya moja, hizi tatu si zangu. Huo ni uongo mwingine. Anuani ya duka la Kahama niliijua. Bila kufungua chochote ningeweza kumwandikia yule mwanamume kwamba mkewe na binti yake wamehama, awatafute. Nilianza barua hiyo mara nyingi. Habari za huko, sisi huku wazima, familia yako imeondoka hapa kwa sababu. Kila mara nilifika hapo, kwenye kwa sababu, nikachana karatasi. Huko alikokuwa alingoja barua ya mwandiko wa mtoto, kwa kuwa mimi mwenyewe nilimwandikia aingoje. Nadhani ile karatasi moja nyembamba inauliza mbona binti haandiki. Sijui. Naweza kujua wakati wowote nikitaka, na ndiyo maana sijui.

Ubao ulihama nami nilipostaafu. Umepasuka katikati, nusu imefunika pipa la maji, nusu nyingine iko kwenye banda la kuku. Bahasha ziko kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Mvua za mwaka jana ziliingia chumbani, na nilipozitoa kuzianika nikaona gundi ya ile ya tatu imeachia yenyewe. Mdomo wa bahasha ulikuwa wazi, na mkunjo wa karatasi unaonekana, na herufi moja kubwa, b, yenye tumbo mbele.

Nikachukua uzi na sindano. Macho yangu ni mabaya sasa, ilinichukua muda kuupenyeza uzi. Nikaishona.